ALIZETI NA MAHARAGE SHAMBA MOJA: MBOLEA IGAWIWE KWA HESABU

(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama, Mlowo)



Kuchanganya mazao ni jambo walilolifahamu wazee wetu wa Mbozi kabla ya chama chochote kuandikishwa. Leo nalizungumzia kwa sababu ya daftari la madeni.

Katika chama kimoja nilichokikagua, kila mwanachama alikopeshwa mbolea kwa kiasi kilekile kwa eka, awe amepanda alizeti pekee au amechanganya na maharage. Waliochanganya walileta ghalani alizeti pungufu, kwa kuwa mashina yalikuwa machache. Maharage nayo yalifunikwa na kivuli, na hayo machache yakauzwa barabarani. Deni likabaki. Kamati iliwashuku wanachama hao udanganyifu, kumbe kosa lilianza siku ya kuagiza pembejeo.

Maharage hujipatia sehemu ya naitrojeni kwa msaada wa bakteria waliomo katika vinundu vya mizizi. Yakimwagiwa mbolea ya kukuzia, kama Urea yenye naitrojeni asilimia 46, vinundu hivyo hupunguza kazi. Alizeti huifaidi mbolea hiyo, ikarefuka na kuyanyima maharage mwanga. Ndiyo maana mara nyingi mkulima asiye na mbolea hupata nafuu kubwa zaidi kwa kuchanganya, na mwenye mbolea nyingi huipoteza nafuu hiyo asipopanua mistari.

Ndugu makatibu, faida hupimwa hivi. Tuseme eka ya alizeti pekee hutoa magunia 10, na eka ya maharage pekee magunia 4. Eka iliyochanganywa ikitoa magunia 7 ya alizeti na 2 ya maharage, tunajumlisha 0.7 na 0.5, tunapata 1.2. Maana yake, eka moja imefanya kazi ya eka moja na sehemu mbili za kumi. Jumla ikiwa chini ya 1, ingekuwa heri kila zao lipandwe peke yake.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu:

Kwanza, fomu ya kuomba pembejeo ionyeshe mwanachama anapanda zao gani, na kama anachanganya.

Pili, anayechanganya aweke mbolea ya kukuzia kwenye mashina ya alizeti tu. Nafasi ya kawaida ya sentimita 75 kati ya mistari iongezwe, kwa ushauri wa bwana shamba.

Tatu, maharage nayo yapimwe chamani, na makato ya mkopo yagawanywe katika mazao yote mawili.

Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/2023 ilimpunguzia mkulima bei. Deni la mfuko uliochukuliwa bila kuhitajika bado hulipwa, na asipolilipa aliyeuchukua, hulibeba wanachama wote.