Umewahi Kumfanyia Nani?

Msikilizaji, mwaka wa 2021 Nakuru ilipata heshima mbili karibu kwa pamoja. Mwezi wa Novemba UNESCO iliiingiza katika mtandao wake wa miji ya ubunifu, kwa kazi za mikono na sanaa za jadi, na tarehe 1 Desemba ikakabidhiwa hati ya kuwa jiji. Lakini kijana wa Molo, Gilgil au Kaptembwo mwenye cheti cha ushonaji, upigaji picha au michoro ya kompyuta akibisha milango ya maduka mjini, anakutana na swali lile lile: umewahi kumfanyia nani? Swali hilo, wala si uhaba wa vipaji, ndilo linalomrudisha nyumbani.

Jibu lingepaswa kutoka kwenye atachimenti, yaani mwanafunzi kujifunza akiwa kazini, lakini ile tunayoijua ilibuniwa kwa kiwanda, hoteli na ofisi, mahali penye idara, msimamizi na dawati la ziada. Studio ya picha ni mtu mmoja na kamera yake. Duka la kuchapa fulana ni watu wawili na mashine, na fundi wa mabango hupata kazi leo kisha akakaa wiki nzima bila mteja. Mtu wa namna hii akimpokea mwanafunzi, ni yeye anayelipia fulana zilizoharibika, na picha za harusi zikipotea hakuna wa kuirudia harusi. Si uchoyo, anakwepa hasara. Ni kweli sheria inamtoza mwajiri shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, fedha zinazokwenda kwa mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, na anayefundisha anaweza kudai fidia. Sasa piga hesabu: duka la wafanyakazi wawili linatoa shilingi 1,200 kwa mwaka. Hata likirudishiwa zote, hazimtoshi mwanafunzi mmoja nauli ya muhula.

Kwa hiyo mlango wa kwanza unapaswa kufunguliwa na mteja mkubwa. Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya mashinani mikononi mwa kaunti, na kaunti hiyo hiyo hununua mabango, sare, vipeperushi, picha na video za hafla. Kila zabuni ya aina hiyo iwe na sharti moja: atakayeshinda awachukue wanafunzi wawili mpaka kazi iishe, posho yao ihesabiwe ndani ya bei, na majina yao yaandikwe kwenye kazi waliyoifanya. Wanaoandaa Safari Rally, iliyorejea katika mashindano ya dunia mwaka huo huo wa 2021 kule Naivasha, wangeweza kufanya vivyo hivyo.

Wapo watakaosema kwamba asilimia 30 ya zabuni za serikali tayari imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Imetengwa, na ni jambo jema, ila inamfaa mwenye kampuni iliyosajiliwa. Kijana wa miaka 19 anatafuta kazi, hana kampuni. Wengine watamwelekeza kwenye intaneti. Huko nako mteja hutaka kwanza kuona kazi zilizotangulia, na hakuna fundi wa kumwonyesha namna ya kupanga bei au kumtuliza mteja aliyekasirika. Hoja iliyo nzito ni ya gharama: bei za zabuni zitapanda kidogo. Zitapanda, na kaunti ilipe wazi wazi, kwa maana tayari inalipa walimu na kununua vyerehani katika vyuo ambavyo wahitimu wake wanakaa bure.

Kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti kikifika wadi yako, msikilizaji, usiulizie barabara peke yake. Simama uulize ni wanafunzi wangapi wa vyuo vyetu waliofanya kazi katika zabuni za mwaka huu, na ni nani aliyewalipa.