HOTUBA YA MWENYEKITI: MTOTO ANAYESAHAU SIYO MKAIDI



Miaka kumi siyo kidogo. Mambo ya hisa na mikopo mtayasoma katika taarifa ya Mhazini. Mimi naomba nizungumzie watoto, maana karibu kila mkopo tunaochukua hapa tunasema ni kwa ajili ya watoto.

Mnakumbuka tulivyoanza. Wengi tuliishia darasa la saba, wengine hawakufika huko. Tulifundishwa kwamba kabla sanduku halijafungwa, salio litamkwe kwa sauti na kila mmoja alishike kichwani mpaka mkutano ujao. Tulicheka. Leo kuna mwenzetu hapa asiyejua kusoma, lakini ukikosea shilingi mia anakusimamisha. Nilimuuliza anafanyaje. Akaniambia kila elfu kumi anaifanya ng'ombe, kila elfu moja anaifanya mbuzi, halafu anawahesabu wakiingia zizini.

Akina mama, kumbe kukumbuka kuna njia zake, na njia hufundishwa. Kwenye semina tulielezwa habari za mtaalamu mmoja wa Marekani, John Flavell. Mwaka 1966 yeye na wenzake waliwapa watoto picha za kukumbuka, wakaangalia ni nani anayejirudia-rudia majina mdomoni. Kati ya watoto 20 wa miaka 5, ni 2 tu waliofanya hivyo. Wa miaka 7 walikuwa 12, wa miaka 10 walikuwa 17. Mwaka uliofuata wakawajaribu watoto wa miaka 6 na 7. Wale wasiorudia, walipoelekezwa, walikumbuka sawasawa na wenzao. Walipoachwa wenyewe, wengi waliacha tena. Maana yake mtoto wa darasa la kwanza hajui njia bado. Aonyeshwe, tena aonyeshwe mara nyingi.

Hapo niliona aibu. Mwanangu wa kwanza nilimtuma dukani chumvi, kiberiti na mafuta ya taa, akarudi na chumvi peke yake. Nilimchapa. Siku nyingine alirudi na chumvi tena, huku anatetemeka. Nilidhani kiboko kitamfungua akili, kumbe hofu ilikuwa inamfunga. Baadaye alianza kutoroka shule, na kwenye miaka 13 akaenda machimboni.

Na hapo nyumbani baba yake alikuwa anachomea dhahabu yenye zebaki jikoni, kwenye mafiga yale yale ninayopikia uji. Siwezi kusema ndiyo iliyomfanya asahau, hatukumpima. Lakini sasa tunajua kwamba mvuke wa zebaki unaingia kwa kuvuta pumzi na unadhuru ubongo, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo na yule aliyeko tumboni. Unaharibu kujifunza na kukumbuka. Kuanzia Rwamagasa na Nyarugusu mpaka huku Kahama, wanaokoroga zebaki kwa mikono kwenye makarai tunawajua, wengine ni sisi wenyewe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumpa mtoto kazi za hatari, na migodi imo. Lakini mkataba hauwezi kuingia jikoni kwako kama wewe hujaufungulia mlango.

Tena kuna vijana. Kijana akirudi kutoka duarani hasemi, halali, anakunywa asubuhi, tunasema karogwa au kiburi. Shirika la Afya Duniani linasema karibu theluthi moja ya magonjwa ya akili huanza kabla ya miaka 14. Basi tusingoje. Tumuulize kwa upole, tumpeleke kituo cha afya kama tunavyompeleka mwenye malaria.

Wazee wetu Wasukuma hawakuwa na vitabu, lakini jioni mtu akisema "Kalagu!" watoto wote wanaitika "Kize!" na vitendawili vinaanza. Walikuwa wanafundisha kukumbuka, na mtoto alikaa karibu na mtu mzima bila kuogopa. Siku hizi jioni sisi tuko kwenye mialo na watoto wako peke yao.

Kwa hiyo naomba tukubaliane mambo manne:

1. Zebaki isichomwe ndani ya nyumba wala karibu na chakula. Mjamzito na mtoto wasiishike.
2. Ukimtuma mtoto vitu vitatu, mwambie arudie kabla hajaondoka. Akisahau, mrudie naye.
3. Kila jioni tupate muda kidogo wa hadithi na vitendawili.
4. Mtoto akionekana machimboni au akinyanyaswa, tupige simu 116. Ni bure.

Mwanangu yu hai, ana watoto wake. Mwaka jana alinikumbusha siku ile ya chumvi. Yeye niliyemwita msahaulifu, hiyo hajaisahau. Nilimwomba radhi mbele ya mke wake. Nawaambieni ili ninyi msije mkachelewa kama mimi.