Matofali Yasiyochomwa
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme juu ya bweni tunalolichangia. Mimi ni fundi mwashi, sina maneno mengi. Ninaomba tusilijenge kwa matofali ya kuchoma. Tanuri hula magogo, na kile kilima tulichokuwa tukiokota kuni sasa ni kipara.

Yako matofali ya udongo na saruji kidogo, yanayofyatuliwa kwa mashine ya mkono ya kushindilia. Mashine ya namna hiyo ilibuniwa Kolombia miaka ya 1950. Haitaki umeme wala mafuta. Udongo uwe wa kichanga, maana mfinyanzi mtupu hupasuka. Mara nyingi saruji sehemu 1 kwa udongo sehemu 10 au 12 hutosha, lakini tuupime kwanza udongo wa hapa.

Sasa niseme kosa langu. Nyumba yangu ya kwanza niliijenga kwa haraka. Matofali niliyaanika juani, sikuyamwagia maji. Masika yalipofika pembe zikamomonyoka; mke wangu alicheka, mimi sikucheka. Saruji haikomai kwa jua, hukomaa kwa unyevu. Yakae kivulini, yafunikwe, yamwagiwe maji siku 7 kwa uchache.

Na joto je? Mnalikumbuka bweni letu saa nane mchana, bati juu ya vichwa, dari hakuna. Ukuta peke yake hauponyi hilo. Tuweke dari, na madirisha yatazamane.

Mashine ninayo, nitaileta bila malipo. Nipeni vijana 6 na mtu mmoja mwaminifu wa kumwagilia.