Niliyoyaona Ninh Binh

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, baada ya chakula cha mchana.)



Katibu aliponiomba nizungumze juu ya safari yangu ya Vietnam aliniwekea sharti moja, kwamba nisizidishe nusu saa. Tulilala bweni moja miaka minne, kwa hiyo ananifahamu. Nitajitahidi.

Sisi tuliomaliza kidato cha nne mwaka 1969, neno Vietnam kwetu lilikuwa vita. Tuliisikia katika redio ya bwaloni jioni baada ya jioni, na majina ya miji ya kule tuliyajua kuliko majina ya wilaya zetu. Sikudhani hata siku moja kwamba nitakanyaga nchi ile, tena kwa ajili ya korosho. Mwanangu wa pili anafanya biashara ya korosho, na Vietnam ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa korosho ghafi za Tanzania. Mwezi Mei 2019 alikuwa na shughuli Hanoi, akanichukua. Shughuli zilipokwisha akaniambia, "Baba, wewe ni bwana shamba. Twende ukaone mpunga."

Tukaenda Ninh Binh, kama kilomita 90 kusini ya Hanoi. Ndugu zangu, ile nchi ni tambarare kama meza, na juu ya meza ile imesimama milima ya mawe ya chokaa, mmoja mmoja, kuta zake zikipanda wima kutoka katika majaruba. Hakuna miteremko ya kukutayarisha. Unatazama mpunga, unainua macho, mlima huo. Wenyewe huita mahali pale Ha Long ya nchi kavu, kwa kufananisha na ile ghuba yao mashuhuri yenye visiwa vya mawe.

Nilipoiona nilimkumbuka mwalimu wetu wa Jiografia, aliyetupakia katika lori kwenda kuona mapango ya Amboni, Tanga. Mtakumbuka alivyotueleza: mvua huchukua hewa ya kaboni angani na udongoni, ikawa asidi dhaifu, na asidi hiyo huyeyusha chokaa kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka. Amboni tuliyaona mapango yaliyochimbwa na kazi hiyo. Ninh Binh niliona kazi ileile ilipofika mbali zaidi: mwamba mwingi umekwisha kuliwa, imebaki milima iliyosimama peke yake, na katikati yake maji na mpunga.

Mahali paitwapo Tam Coc, maana yake mapango matatu, tulipanda mtumbwi katika mto Ngo Dong. Mto huo hupita chini ya milima, ndani ya mapango hayo matatu, na la kwanza lina urefu wa zaidi ya mita 100. Aliyetupeleka alikuwa mama wa makamo yangu kidogo. Alijilaza nyuma, akaweka nyayo zake juu ya makasia, akapiga makasia kwa miguu kama mtu anayeendesha baiskeli, mikono ikiwa huru kushika mwavuli. Nilimwomba anipokee nijaribu. Mtumbwi ulizunguka mara mbili pale pale, na watu wa mitumbwi mingine wakacheka sana.

Kando ya mto mpunga ulikuwa umeiva, rangi ya dhahabu. Hupandwa mwanzoni mwa mwaka, huvunwa mwishoni mwa Mei au Juni, kabla ya mvua kubwa kulijaza bonde. Watu walikuwa wakivuna na kupakia miganda katika mitumbwi.

Nisisahau jambo moja kwa ajili ya wale wa Bweni la pili. Chakula cha sifa cha Ninh Binh ni nyama ya mbuzi na ukoko. Ndiyo, ukoko wa wali! Hukaushwa, hukaangwa, huletwa mezani kwa mgeni wa heshima pamoja na mchuzi. Kile tulichopigania jikoni kila Jumapili, kule hulipiwa fedha.

Karibu na hapo pana Hoa Lu, mji mkuu wa kale wa nchi ile, tangu mwaka 968 chini ya mfalme Dinh Bo Linh. Aliichagua milima iwe kuta zake, na penye mwanya kati ya milima akajenga boma. Lakini mwaka 1010 mfalme mwingine, Ly Thai To, aliuhamishia mji mkuu mahali ambapo leo ni Hanoi. Hoa Lu palikuwa pazuri kwa kujificha, ila pembamba mno kwa mji wa kukua.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nisimame hapa. Tukirudi kutoka pango la tatu, nilimuuliza yule mama, kwa msaada wa kijana aliyetutafsiria, kama alikua palepale. Akasema ndiyo, na kwamba katika ujana wake alifanya kazi katika brigedi ya ushirika. Kengele ikilia, mnakwenda shambani pamoja. Kengele ikilia, mnarudi. Karani anaandika pointi za kila mtu, na mavuno hugawanywa kwa pointi. Kila kaya ilibakiwa na kipande kidogo tu cha kulima yenyewe. Nikamuuliza tofauti ilikuwa nini baadaye. Akafikiri, akasema, "Siku za kengele tulitazama jua. Tulipopewa shamba letu tukatazama mpunga."

Historia yenyewe ni hii. Mwaka 1981 serikali yao iliruhusu kaya kupewa mkataba wa sehemu ya kazi, na kilichozidi kiwango kikawa chao. Mwanzoni mwa 1988 mikoa ya kaskazini ilikuwa na njaa. Aprili mwaka huo ukatoka uamuzi uitwao Azimio namba 10, uliozipa kaya mashamba kwa miaka mingi. Mwaka 1989 nchi iliyokuwa ikinunua mchele nje iliuza nje zaidi ya tani milioni moja. Mambo mengine pia yalisaidia, kama kulegezwa kwa bei na mpunga mwingi wa bonde la Mekong kule kusini. Lakini wakulima wenyewe huanza hesabu yao na mkataba.

Kijana wetu akanitajia mtu aliyeitwa Kim Ngoc, kiongozi wa chama katika mkoa wa Vinh Phuc wa wakati huo. Alikwenda mashambani, akaona yanayotendeka, na mwaka 1966 akaruhusu mikataba ya kaya. Mwaka 1968 akakosolewa na wakubwa, utaratibu ukasimamishwa. Alifariki mwaka 1979, kabla ya nchi kuufuata.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nikimfikiria mtu mwingine.

Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, nilikuwa bwana shamba kijana katika wilaya moja ya nchi yetu. Tuliwahamisha watu kutoka kando ya bonde la mpunga kuwapeleka kwenye mwinuko karibu na barabara. Mzee mmoja alinijia, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ndege hawangoji mtu atembee saa mbili. Alfajiri wamekwisha kula." Alitaka aachiwe angalau dungu lake la kuamia ndege, na ruhusa ya kulala shambani mpunga unapochanua. Nami niliyekuwa na cheti cha chuo, na suruali iliyopigwa pasi, nikaandika katika ripoti kwamba mzee yule ni kipingamizi cha maendeleo. Nyumba yake ikaezuliwa. Sikuezua mimi; orodha niliiandika mimi. Mwaka uliofuata bonde lile lilikuwa magugu.

Sisemi vijiji havikuleta jema. Watoto wa mzee yule walipata shule na zahanati. Wala sitaki kujificha nyuma ya amri. Kim Ngoc naye alikuwa na wakubwa. Mimi sikuulizwa na mtu niseme uongo. Sikwenda tu kutazama.

Niliporudi nchini, Agosti mwaka uleule, nilikwenda kijijini kwake. Mzee hayupo siku nyingi. Mwanawe, ambaye sasa ni mzee kama mimi, alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza. Kisha akasema, "Baba hakukuchukia. Alikuwa akisema: yule kijana si mbaya, ila hakukanyaga tope." Akanitolea maji ya kunywa. Hakusema amenisamehe, nami sikuwa na haki ya kumdai. Nikamwomba anipeleke bondeni. Tukavua viatu.

Ndugu vijana, wengi wenu mtakuwa wakubwa: mainjinia, waganga, mabwana na mabibi shamba. Mtapewa kalamu na watu watasubiri mtakachoandika. Kanyageni tope kwanza, kisha muandike.

Ndugu Mwenyekiti, ili nisimalize kwa maneno matupu, nimemkabidhi Mweka Hazina mchango wangu mdogo, kwa ombi kwamba kila mwaka wanafunzi wa kidato cha tatu wapelekwe siku mbili kwa wakulima wa mpunga, wakafanye kazi na kuuliza maswali, si kufundisha. Wenzangu wakiongeza chochote nitashukuru.

Katibu, naona dakika nne bado.