Viza ya Kuzuru Jamaa Walio Ng'ambo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Bukoba)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya viza ya muda, yaani ruhusa ya kuingia nchi ya watu kwa siku zilizohesabiwa ili kuwatazama jamaa wakaao huko. Jambo hili si dogo kwa watu wa Bukoba na Muleba. Wako watoto wetu waliokwenda Ulaya kusoma, kisha wakapata kazi, na wajukuu wazaliwa huko. Mzee asipowafikia, huenda akafa bila ya kuwapakata. Na sisi makarani ndio tuletewao fomu hizo, hata siku ya Jumapili, kwa kuwa twajua kalamu. Basi yatupasa tujue tuandikacho.

Zamani karani Mwafrika aliyefika Ulaya alikuwa mtu wa kutajwa. Mzee Martin Kayamba, aliyeongoza kuundwa kwa chama cha watumishi wa serikali Waafrika pale Tanga mwaka 1922, alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Leo atakaye kwenda ni mama wa Kamachumu, asiyeitwa na kamati yo yote, ila na binti yake aliyejifungua.

Wahaya si wageni wa kuvuka mpaka. Tuna jamaa Masaka na Kampala. Tena tangu Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilipoanza kutumika, tarehe 1 Julai 2010, Mtanzania mwenye hati halali ya kusafiria ana haki ya kuingia Uganda bila viza. Pale Mutukula huulizwa aendako, akapigiwa muhuri, akapita. Kwa mazoea hayo watu wadhani Ulaya nako ni vivyo hivyo, ila ni mbali zaidi. Sivyo. Afisa wa mpakani auliza, "Waenda wapi?" Afisa wa ubalozi auliza, "Utarudi lini, na kitu gani kitakurudisha?" Hilo ndilo neno tulitakalo mlishike, maana mengine yote yatoka humo.

Na tuseme yuko mjane wa Kamachumu, na binti yake ni muuguzi huko Ujerumani. Nchi hiyo ni moja katika nchi 29 za Ulaya zitoazo viza moja iitwayo ya Schengen, kwa kanuni iliyoandikwa mwaka 2009. Mgeni hukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Ada ya mtu mzima imekuwa Euro 90 tangu tarehe 11 Juni 2024. Pasipoti yake sharti idumu miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko, na bima yake ya ugonjwa isipungue Euro 30,000. Maombi hayapokewi kabla ya miezi 6 ya safari, wala yasicheleweshwe hata zikabaki siku chini ya 15. Jibu hutoka kwa siku 15, na likihitaji uchunguzi huweza kufika siku 45. Tena mwombaji sharti afike mwenyewe kutoa alama za vidole, nayo ni safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwetu. Alama hizo huweza kutumika tena katika maombi mengine kwa muda wa miezi 59. Basi mtu asipande basi mpaka kila karatasi imekwisha kukaguliwa, kwa maana kurudia safari hiyo kwa kosa la karatasi moja ni hasara kubwa kwa mzee.

Wengi huja na barua ya mwana tu, isemayo, "Nitamlipia mama kila kitu." Huko Ujerumani yuko hata mwenyeji aendaye ofisi ya wageni ya mji wake, akatia sahihi hati rasmi ya kujifunga kulipa gharama. Ni hati njema. Lakini hujibu swali moja tu, la nani alipaye. Barua ya mwana yaonyesha sababu ya kwenda. Haionyeshi sababu ya kurudi. Kanuni ile yataja vitu vya kuangaliwa katika jambo la kurudi: tiketi ya kurudia au nafasi iliyowekwa, fedha za mtu nchini kwake, kazi yake, mali yake isiyohamishika, na jamaa zake aliowaacha.

Mjane wetu hana mshahara. Lakini ana kibanja. Kina migomba na mibuni, na kaburi la mumewe limo humo. Kijiji kizima chajua kwamba hawezi kukiacha. Lakini afisa hajafika Kamachumu, wala hakuliona kaburi. Kibanja hakisemi Kijerumani. Husema kwa hati.

Hati hiyo ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, imeruhusu kijiji kutoa hati ya haki miliki ya kimila. Na asitokee mtu akasema kwamba mwanamke hana neno juu ya ardhi ya ukoo. Mahakama Kuu ilikata shauri lililotoka katika nchi yetu ya Wahaya mwaka 1990, ikasema kwamba haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume, na sheria ile ya 1999 imeandika vivyo. Kama kibanja ni chake, na kiandikwe kwa jina lake, safari iwepo au isiwepo. Kama ni cha mwanawe, isemwe hivyo, na mwana aandike kwamba mama yake akaa humo na kukitunza. Juu ya hayo ziongezwe stakabadhi za kahawa aliyouza katika ushirika, barua ya Afisa Mtendaji wa Kijiji, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na wajukuu waliobaki nyumbani.

Liko na jambo la majina. Kwa desturi yetu kila mtoto hupewa jina lake, hata mama na binti wasiwe na jina moja la kuwaunganisha. Afisa aona watu wawili wasiohusiana. Dawa yake ni cheti cha kuzaliwa cha binti, chenye jina la mama kama lilivyo katika pasipoti. Rwegasira na Lwegasira kwetu ni mtu mmoja. Katika karatasi ni watu wawili. Herufi zikitofautiana, na kiapwe kiapo mbele ya wakili. Tena mtoto wa ndugu yetu twamwita mwanetu, wala si uongo. Lakini katika fomu aandikwe mtoto wa ndugu, asije akahesabiwa kuwa ni hila.

Sasa twanena juu ya vishoka. Hao huuza taarifa za benki za kughushi, na kuwashauri watu wakope fedha na kuzitia benki juma moja kabla ya maombi. Fedha iliyoingia jana bila maelezo haimsaidii mtu, humtia shaka. Na anayekamatwa na hati ya uongo katika maombi ya Uingereza huweza kufungiwa mlango miaka 10. Njia ya mwongo ni fupi. Tena Uingereza iliondoa rufaa ya kawaida ya wageni wazuruo jamaa tarehe 25 Juni 2013, isipokuwa kwa hoja za haki za binadamu. Basi kule yapasa maombi yawe kamili tangu mara ya kwanza.

Akikataliwa, asione haya. Nchi za Schengen hutoa karatasi yenye sababu, pamoja na maelezo ya kukata rufaa. Isomwe neno kwa neno, na sababu iliyotajwa ndiyo ijibiwe. Kupeleka tena karatasi zile zile ni kununua jibu lile lile. Na akikubaliwa, arudi kabla ya siku zake kwisha.

Bwana Mwenyekiti, twatoa shauri moja. Wanachama wa Bukoba na wa Muleba wakae kwa zamu Jumamosi moja kila mwezi, wasome karatasi za wazee kabla hazijapelekwa Dar es Salaam, wala wasitoze ada. Tusiandike asilolisema mwombaji, tusiache alilonalo. Mzee aliyetulisha kwa kibanja chake hastahili kushindwa kumwona mjukuu wake kwa kuwa sisi wenye kalamu hatukujua kukiandika.