Mita 18 Barabarani: Namna Mabomba ya Mradi wa Mafuta Yanavyosafirishwa

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa mikutano ya hadhara ya kata zilizo kando ya barabara kuu)



Mkazi wa Shelui au Igunga anayeketi kando ya barabara kuu hulijua lori la saruji na basi la Mwanza kwa mngurumo wake tu. Lori lililobeba mabomba ya mafuta ghafi ni jambo jingine. Bomba moja lina urefu wa mita 18 na kipenyo cha inchi 24, wala halikatwi ili litoshe kwenye tela la kawaida.

Mabomba hayo ni ya mradi wa kusafirisha mafuta kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Njia yote ni kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 zimo Tanzania. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi na yakipoa huganda. Ndiyo sababu bomba hupashwa joto njia nzima, na kila kipande hufunikwa kwanza kwa tabaka la kuhifadhi joto. Kazi hiyo ya kufunika hufanyika katika kiwanda cha Sojo, wilayani Nzega, kilichozinduliwa Machi 2024. Kwa hiyo bomba lililoshushwa bandarini Dar es Salaam haliendi moja kwa moja mtaroni. Huletwa kwanza Sojo kwa kupitia Morogoro, Dodoma na Singida, kisha hupakiwa upya kupelekwa linakofukiwa.

Kwa hesabu nyepesi, kilomita 1,443 zikigawanywa kwa mita 18 ni mabomba yapatayo 80,000, na kila moja hupanda lori angalau mara mbili. Tena safari ya pili ni nzito kuipanga kuliko ya kwanza. Bomba lililofunikwa limenenepa, na ganda lake la nje likichubuka lazima litengenezwe. Haliwezi kurundikwa kama magogo. Lori hubeba machache zaidi, na malori yanayotoka huwa mengi kuliko yaliyoingia.

Upangaji wa safari ya namna hii huanza kabla injini haijawashwa. Msafirishaji huikagua njia: kona, madaraja, nyaya za umeme zilizolegea, mteremko wa Sekenke. Mzigo unaozidi vipimo vya sheria huombewa kibali maalumu, husafiri mchana, na hutanguliwa na gari la kuongoza msafara lenye bendera na taa za tahadhari. Kisha huja mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu gari na mzigo wake kufikia tani 56 kwa jumla, na ekseli tatu zilizoshikana zenye matairi 12 kubeba tani 24. Madereva wengi hulalamikia mizani, lakini wanaoilaani hawalipi gharama ya lami. Wahandisi wa barabara hukadiria kwamba uzito juu ya ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu huongezeka yapata mara 16.

Hapo ndipo jambo hili linapoingia ndani ya kata. Barabara kuu iko chini ya TANROADS na ilijengwa ikitarajia malori. Barabara ya kwenda zahanati, shuleni na mnadani iko chini ya TARURA, na kalavati zake nyingi zilikusudiwa pikipiki, trekta na Fuso la mpunga. Lori zito likikwepa msongamano kwa kupita huko mara moja tu baada ya mvua, kalavati inaweza kupasuka chini bila mtu kuona juu. Atakayeligundua hilo ni mama mjamzito anayekimbizwa zahanati usiku, wiki tatu baadaye, wakati lori limekwishafika Tanga. Uharibifu usioripotiwa siku ileile ni vigumu mno kumbebesha aliyeufanya. Anayeona lori la mradi, au lori lolote zito, limeacha njia yake na kuingia barabara ya kijiji anapaswa kuandika namba ya gari, mahali na saa, na kumpelekea mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo. Picha ya simu yenye kuonyesha kalavati na magurudumu pamoja ina nguvu kuliko malalamiko ya mkutano mzima.

Kuhusu usalama, hatari kubwa iko kwenye kona. Kichwa cha lori refu hupita mbali, lakini magurudumu ya tela hukata kona kwa ndani, huku ncha za mabomba zikifagia upande wa nje. Mwendesha bodaboda aliyejipenyeza upande wa ndani akidhani amepewa nafasi hukuta nafasi hiyo ikifungwa, na dereva hamwoni. Wazazi wawaeleze watoto kwamba gari lenye bendera linapopita, msafara wenyewe bado haujapita.

Wapo pia wenye malori wanaouliza fungu lao. Kubeba mabomba kunahitaji tela za kurefuka na bima ambazo wengi hawana, na ni afadhali lisemwe sasa kuliko mtu akope benki kwa matumaini. Lakini ujenzi unahitaji vilevile kokoto, mchanga, maji na chakula cha kambini, na Kanuni za mwaka 2017 za ushiriki wa Watanzania katika shughuli za petroli zinawapa wazawa kipaumbele. Kinachowakwamisha wengi ni makaratasi: leseni ya usafirishaji iliyokwisha muda, bima ndogo, dereva asiye na daraja linalotakiwa. Mwenye kuchukua kazi kwa mkandarasi mdogo adai mkataba wa maandishi unaotaja siku ya malipo, kabla ya kujaza dizeli kwa safari ya kwanza.