Kupima Mkondo wa Umeme kwa Vihisi vya Uga Sumaku: Yanayotukwaza Kwenye Waya



Nianze na aibu yangu. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba yenye sola ambayo betri yake ilikuwa haijai. Nikatoa klampu mita, nikaubana waya unaotoka kwenye paneli. Jua la saa sita likiwaka, mita ikasoma sifuri. Nikatangaza kwamba paneli imekufa. Mwenye nyumba akaniuliza taratibu, "Fundi, mbona taa ya chaja inawaka?" Nilikuwa na klampu ya aina ya transfoma. Transfoma huona mkondo geu tu. Mkondo mnyoofu, hata uwe ampea 100, ukishatulia ni kama haupo.

Vihisi vya uga sumaku ndivyo vinavyoziba pengo hilo. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, huko Copenhagen, aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye umeme. Mwaka 1879 Edwin Hall, akiwa bado mwanafunzi Marekani, alipitisha mkondo kwenye ukanda mwembamba wa dhahabu uliowekwa kwenye uga wa sumaku, akapata volti ndogo kandokando ya ukanda huo. Klampu za mkondo mnyoofu tunazonunua leo zinatumia ugunduzi huo huo, ila dhahabu imeachia nafasi semikondakta.

Hoja yangu ni hii: kihisi hakipimi mkondo. Kinapima uga uliopo pale kilipokaa, na hakijui umetoka kwa nani.

Tupige hesabu kidogo. Waya mnyoofu wenye ampea 1 hutoa uga wa mikrotesla 20 ukiwa umbali wa sentimita 1. Uga wa dunia hapa kwetu Iyunga ni mikrotesla 30 na ushei. Kwa hiyo ukibandika kihisi kitupu ubavuni mwa waya wa sola, dunia peke yake inaweza kukuonyesha ampea moja na nusu usiku wa manane. Kwenye mkondo geu hili si tatizo kubwa, kwa kuwa uga wa dunia hautikisiki mara 50 kwa sekunde; unautoa kama wastani. Kwenye mkondo mnyoofu huna ujanja huo.

Kuna pia waya jirani. Mota ya mashine ya kusaga yenye kilowati 7.5 kwenye fezi tatu huvuta kama ampea 15. Kihisi kilicho sentimita 1 kutoka kwenye waya wake kinapata mikrotesla 300. Waya wa fezi nyingine, ukiwa sentimita 5 kutoka kwenye kihisi hicho, unakiletea 60. Hiyo ni moja ya tano, na hakuna programu itakayokusaidia kama hukupanga nyaya zako kwanza.

Dawa ya kwanza ni ya zamani: pete ya feraiti yenye mwanya, waya ukipita katikati na kihisi kikikaa mwanyani. Mwanya wa milimita 1 hukupa takriban militesla 1.26 kwa kila ampea, zaidi ya mara 60 ya uga ambao kihisi kitupu hupata kwenye sentimita 1. Dawa ya pili ni vihisi viwili, kimoja kila upande wa waya. Uga wa waya huvipita kwa mielekeo inayopingana, wa dunia huvipita kwa mwelekeo mmoja. Ukitoa kimoja kwa kingine, dunia inaondoka. Binafsi napenda hii ya pili, maana feraiti ikishapigwa na mkondo mkubwa inaweza kubaki na usumaku kidogo, na sifuri yako inahama bila kukuaga.

Wanafunzi wengi mnatumia moduli ya kihisi ya ACS712, na sina ugomvi nayo. Ila ile ya ampea 20 hutoa milivolti 100 kwa ampea, wakati bodi ya Arduino ya kawaida inagawa volti 5 kwa hatua 1,024, yaani karibu milivolti 4.9 kila hatua. Hatua moja ni miliampea 49. Kwa volti 230 ni kama wati 11. Kwa hesabu hiyo, taa ya LED ya wati 9 haifikishi hata hatua moja. Msiniletee ripoti inayosema kifaa chenu kinakamata wati mbili. Tena moduli ile hutaka waya ukatwe upite ndani yake, na skrubu zake ziko wazi: volti 230 ziko sentimita chache tu kutoka kwenye kidole chako.

Kosa linalonichosha zaidi ni kubana kebo nzima. Fezi na nyutro zikipita pamoja ndani ya taya, uga wao unafutana na mita inasoma sifuri huku pasi inapata moto mezani. Lakini isiposoma sifuri, simama hapo hapo: kuna mkondo unaorudi kwa njia nyingine, pengine kupitia ardhi, pengine kupitia mwili wa mashine.

Kwa mashine za kusaga napendekeza vihisi vitatu, kimoja kila fezi. Fezi moja ikikatika mota ikiwa na mzigo, mbili zilizobaki zinaweza kupanda hadi karibu mara 1.7, ampea 15 zinakuwa 26, na koili zinaanza kunuka kabla mwenye mashine hajasikia mlio umebadilika. Mota iliyoko pale nyuma imefungwa vihisi hivyo. Baada ya chai nitachomoa fezi moja kwa sekunde chache, nanyi mtazame namba. Wenye viatu vya wazi mkae mbali.